Mkia Kwenye Meza ya Mama Uzi

Mama Uzi alikuwa ameshasema, na alirudia kusema mpaka koo likamkauka, kwamba meza ya kukatia nguo si kitanda cha samaki. Hakuna aliyemsikiliza. Mkia wa nguva ulikuwa umelala juu ya meza yake, mrefu kuliko mtu mzima, umefunikwa shuka kutoka kiunoni mpaka kwenye pezi, na kila mteja aliyeingia kupimwa gauni alisimama mlangoni, akainamisha kichwa, akauliza kwa sauti ya msibani, "Poleni sana. Ni nani?"

"Ni mkia," alijibu Mama Uzi. "Vua viatu uje upimwe."

Hebu niambie, mtu atafanyaje kazi namna hiyo? Vitambaa alivikatia sakafuni, magoti yakimlilia, mkasi ukigonga vigae. Akiinuka anashika kiuno, akishika kiuno anautazama mkia, akiutazama mkia damu inampanda kichwani. Na hata kuuhamisha hawezi, maana ndani yake kuna mbao na sponji, na juu yake umetandazwa udongo wa kufinyangia, ule wa mafuta usiokauka kamwe, mzito kama deni la ukoo mzima.

Aliyemletea balaa hilo alikuwa mumewe. Mtaa ulimwita Fundi Meno, kwa kuwa ndiyo kazi yake: alitengeneza meno ya bandia kwenye maabara ya daktari wa meno, akichonga nta kwa vijiko vidogo mpaka jino linatoka mtu anatamani kulipiga mswaki. Binti yao wa mwisho, waliyemwita Kitinda, alipenda maji tangu hajui kusema vizuri. Siku moja, akiwa mdogo wa kubebwa begani, baba mtu akamwahidi mkia wa nguva, mkia hasa, wa silikoni, wenye magamba. Miaka ikaenda. Kitinda akakua, akawa mwalimu wa kufundisha watoto kuogelea kwenye bwawa la mji, na baba yake siku zote akisema nitaanza, nitaanza. Siku aliyoanza kweli, akaanzia juu ya meza ya mkewe, kwa sababu ati ndiyo meza pekee ndefu nyumbani.

Alianzia chini, kwenye pezi, akapanda. Gamba moja moja, kwa vijiko vile vile vya nta. Alikuwa amefika magotini pale kiharusi kilipomkuta.

Kilimkuta bafuni, mswaki mkononi. Mtu aliyemaliza maisha yake kwenye meno ya watu, kikamvizia akisafisha ya kwake. Mama Uzi alisema hata Mungu naye ana mzaha, halafu akaingia chumbani akalia mpaka shuka likalowa.

Ulimi ndio uliowahi kupona, na jirani yeyote atakwambia haikuwa bahati nzuri. Mguu nao ukarudi, kwa msaada wa fimbo. Lakini mkono wa kulia, ule mkono wenyewe wa kazi, ulibaki umekunja ngumi mapajani. Fundi Meno aliufunika kwa taulo dogo na hakutaka kuutazama. Hata jina la mkono hakulitaja tena. Alisema "huyo." "Mama watoto, msogeze huyo, ananibana." Kama vile anazungumzia mgeni aliyekuja kulala na hataki kuondoka.

Kutoka kliniki alikuja binti mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alimnyoosha vidole kimoja kimoja, akamwachia mpira wa kuminya, kisha akamvuta Mama Uzi kando hadi jikoni.

"Mama, mkono wa Mzee haujafa," alisema. "Nimeuhisi, una nguvu ndani. Lakini ni lazima autumie sasa. Akiendelea kuuficha vile utakakamaa, na ukishakakamaa mimi sitaweza kumsaidia tena. Hata kazi yake aisahau."

Mama Uzi akarudi sebuleni na maneno hayo kifuani. Akamkuta paka anakimbiza mpira chini ya makochi.

"Umempa paka?"

"Ameuomba."

"Baba watoto, ule ni mpira wako wa mazoezi!"

"Mimi ni mtoto, nichezee mpira? Nimechonga meno ya nusu ya mji huu, leo nikae hapa naminya mpira? Aminye paka."

Basi paka ndiye akawa anafanya mazoezi, na kwa bidii kabisa. Mama Uzi alibembeleza, akafoka, akanuna, akanyamaza, akafoka tena. Asubuhi alimvalisha shati na kumfunga vifungo kimoja kimoja, yeye amesimama ametazama ukuta. Jioni alimfungua. Kila alipofunga kifungo alijisemea moyoni, mkono upo hapa hapa, upo hai, na huyu mwanaume anauacha ufe kwa kiburi. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi, si mkia.

Halafu Kitinda akarudi kutoka kazini siku moja amejishika kichwa. Bwawa lilikuwa limefungwa kwa matengenezo na sasa linafunguliwa, kutakuwa na sherehe ya watoto, na yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, alishawaambia watoto kwamba atakuja nguva.

"Sasa nitawaambia nguva anaumwa," alisema.

"Hutawaambia hivyo," baba yake akasema kutoka kitini. "Mkia utakwisha. Mama yako ataumalizia."

"Ebo!" Mama Uzi aliruka. "Mama yake nani?"

"Wewe. Una mikono miwili, una macho, na nitakuelekeza."

"Mimi nashona nguo! Nimekuwa mfinyanzi lini?"

"Nitakuelekeza," akarudia, na akakisogeza kiti chake kwa fimbo mpaka karibu na meza, kama mkubwa wa kiwanda.

Na kuelekeza akaelekeza! Jamani! Tandaza nailoni nyembamba juu ya udongo kwanza, ili ukingo wa gamba utoke laini. Siyo hiyo, ile nyembamba. Sasa chukua kile kipande cha bomba kilichokatwa nusu mwezi, kandamiza. Usikandamize kama unapiga muhuri! Pole pole. Toa nailoni. Sasa kijiko, inua ukingo kwa chini, uonekane umelala juu ya mwenzake. Brashi. Chovya kwenye spiriti, lainisha. Umechovya mno! Unataka kumlewesha? Mama Uzi aliuma meno akaendelea. Alikuwa na shati la mteja linalongoja kola, na yeye yupo anampapasa samaki tumbo.

Alipomaliza mstari wa kwanza, mumewe alikuwa amesinzia. Akarudi nyuma hatua chache kuutazama, na kusema kweli moyo ulimtulia. Ulikuwa mstari safi, umenyooka. Kila gamba limekaa juu ya mwenzake wa chini, sawasawa, halikutoka nje hata kidogo. Aliweza hata kutabasamu.

Fundi Meno akafumbua macho.

"Mama watoto."

"Abee."

"Hivyo ni vitu gani?"

"Magamba, bwana. Nimemaliza mstari mzima."

"Hivyo ni vifungo! Umemshonea samaki shati!"

"Si yamenyooka lakini?"

"Ndiyo ubaya wenyewe! Nani alikwambia magamba yanapangwa hivyo? Gamba linakaa katikati ya mawili ya chini yake, kama matofali ukutani. Ulishaona mtu anajenga ukuta kwa kupanga tofali juu ya tofali? Sogeza hilo. Siyo hilo, la pembeni. La pembeni! Ah, mwanamke wewe, unanitia wazimu!"

Akainama mbele, na mkono ukatoka.

Si wa kushoto. Wa kushoto ulikuwa umeshika fimbo. Ulitoka wa kulia, kutoka chini ya taulo, ukitetemeka, umekunja ngumi vile vile, ukafika juu ya udongo na kulisukuma lile gamba kwa vifundo vya vidole mpaka likakaa upande, katikati ya mawili ya chini.

Mama Uzi aliuona. Alitaka kupiga yowe mtaa mzima usikie. Lakini alimjua mumewe. Akimwambia tu "tazama mkono wako," huyu mtu atautazama, ataona haya, na mkono utarudi chini ya taulo usionekane tena. Akakunja uso.

"Toa mkono wako hapo," akasema kwa ukali. "Unaniharibia kazi."

"Nakuharibia? Mimi?" Na ule mkono ukasukuma gamba la pili. "Ulichofanya hapa kingeharibiwa na nani zaidi?"

Mama Uzi akasema anakwenda kutazama chai. Jikoni alifungua bomba la maji mpaka mwisho, akaziba mdomo kwa aproni, na sijui alikuwa analia au anacheka, pengine hata yeye hajui. Kisha akajifuta, akarudi na uso wa mtu aliyekasirika.

"Haya. Nionyeshe tena, sijaelewa."

Kuanzia hapo Mama Uzi akawa mjinga kwa makusudi, na nisikufiche, hakuna kazi iliyowahi kumchosha kama hiyo. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumrudisha bibi harusi kutoka mlangoni kwa sababu pindo lilishuka upande mmoja kwa unene wa uzi. Kupindisha kitu kulimuuma mwilini. Lakini alipindisha. Leo anasahau nailoni, magamba yanatoka na kingo kali kama kifuniko cha kopo. Kesho anayapanga vizuri, halafu moja analigeuza, limetazama kichwani badala ya mkiani. Anafanya madogo mahali palipotakiwa makubwa. Anaacha alama za vidole. Na kila mara anarudi nyuma, anashika kiuno, anasema, "Safari hii nimepatia."

"Umepatia nini?" Fundi Meno alinguruma. "Huyu samaki ana ugonjwa wa ngozi! Lete kijiko. Lete hapa!"

Mwanzoni alisukuma kwa ngumi tu. Baadaye kidole gumba kikaachana na wenzake. Akawa anabana kijiko kati ya gumba na ngumi, kinamponyoka, anatukana, anakiokota kwa mkono wa kushoto na kukirudisha kwenye wa kulia, kwa sababu alisema mkono wa kushoto haujui nta wala udongo, umezoea kushika chai tu. Gamba alilorekebisha lilitoka limelegea upande, lakini lilikuwa gamba. Taulo likawa linaanguka sakafuni na hakuna anayelikumbuka. Mama Uzi alilifua akalitia kabatini.

Binti wa mazoezi alipokuja tena alivuta vidole vya Mzee akashangaa.

"Vinafunguka! Kumbe mpira mnautumia?"

"Paka anautumia," alisema Fundi Meno. "Mimi sina nafasi. Niko na mwanamke hapa asiyejua juu wala chini, nikimwacha dakika moja ananiharibia mkia."

Lakini haya mambo yalikuwa na gharama, na aliyelipa ni Mama Uzi peke yake. Wifi yake, dada wa Fundi Meno, alikuwa na moyo mzuri na mdomo mbaya. Alikuja kumjulia hali kaka yake, akaufunua mkia, akaona mstari wa siku ile kabla haujarekebishwa.

"Wifi! Haya ni yako?"

"Yangu."

"Masikini. Macho, eh? Au mikono? Umri huo, wifi, usione aibu, sote tunakwenda huko."

Mama Uzi alikaza roho. Angesema nini, na mumewe amekaa pale kitini ametega sikio? Jioni ile ile mtaa ulishajua kwamba mikono ya Mama Uzi siku hizi inatetemeka. Mteja mmoja akaja kuchukua kitambaa chake, ati amebadili mawazo. Mwingine akakagua mshono mbele yake, akaupitishia kidole kutoka bega mpaka pindo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuthubutu kulifanya katika chumba kile. Mama Uzi alimtazama tu, na ndani anachemka.

Hata Kitinda alichoka. "Mama, kwa nini usimwache Baba aelekeze, wewe ufanye anavyosema? Kila siku mnabomoa. Tutamaliza lini?"

"Ukitaka haraka, njoo ufinyange mwenyewe," mama yake akamfokea, na binti akaondoka amenuna. Mama Uzi alitamani kumwambia. Lakini Kitinda hajui kuficha kitu, uso wake ni dirisha lisilo na pazia, na baba yake angesoma yote kabla chai haijapoa.

Hatimaye magamba yakafika kiunoni. Wakaumwagia mkia plasta, nusu ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, na hapo hakukuwa na mchezo, kwani plasta Fundi Meno anaijua kama mpishi anavyojua moto. Ilipokauka wakazitenganisha nusu mbili, wakakwangua udongo wote, na plasta ikabaki kalibu tupu, kila gamba limekuwa kishimo ndani yake. Kilichobaki ni kupaka silikoni ndani ya vishimo vile, tabaka juu ya tabaka, iachwe igande, itoke mkia.

Siku waliyopanga, Fundi Meno alikuwa na miadi kliniki. Dada yake akaja kumchukua.

"Mnisubiri," alisema mlangoni. "Msiguse ndoo ya silikoni nikiwa sipo."

Wewe ungesubiri? Sherehe imekaribia, Kitinda anapaswa kurudi kazini mchana, na mtu mwenyewe akienda kliniki anakaa kubishana na kila daktari. Wakafungua ndoo. Mama Uzi alipima na kuchanganya, na safari hii alifanya kwa unyoofu wake wote, kwa sababu kosa hapa halina kurekebishwa. Kitinda akapaka chini kwa brashi. Mama Uzi akachukua sehemu ya kiunoni, na hapo hakuiamini brashi. Pale ndipo yalipokuwa magamba ya mumewe, yale yaliyolegea upande, aliyoyabana kwa gumba na ngumi. Hakutaka hata moja lipotee kwa kiputo cha hewa. Akavaa glavu, zile za mpira walizopewa hospitali wakati wa kumwogesha mgonjwa, akasukuma silikoni kwa ncha ya kidole, kishimo baada ya kishimo, taratibu, mpaka shingo ikamuuma.

Kesho yake wakafungua kalibu, Fundi Meno amesimama kwa fimbo, bado amenuna kwa kuachwa. Pezi likatoka safi. Vifundo vya miguu safi, magoti safi, magamba yanang'aa hata Kitinda akapiga vigelegele. Kisha wakafika kiunoni, na kidole cha Mama Uzi kikazama. Silikoni ilikuwa bado mbichi, inavutika kama jamu, inanata kwenye plasta, na magamba yote ya pale yamekuwa uji.

 Fundi Meno akatazama kiuno cha mkia, akatazama meza, akaziona glavu kwenye ukingo. Uso ukambadilika rangi.

"Hii nayo umefanya makusudi?"

"Makusudi gani?" sauti ya Mama Uzi ilitoka ndogo.

"Usinifanye mtoto! Magamba nilikuachia. Vile vifungo vya mwanzo, sawa, labda ulikosea kweli. Lakini lile lililotazama juu? Tangu tuoane sijakuona ukipindisha hata kifungo, halafu ghafla hujui juu na chini? Kiharusi kilinipiga mkono, mama watoto, hakikunipiga akili! Nilikuacha ufanye. Lakini silikoni? Silikoni, mwanamke!"

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na yale matusi yote? Samaki mwenye ugonjwa wa ngozi, mwanamke asiyejua juu wala chini?"

"Matusi yalikuwa ya kweli. Yalikuwa magamba mabaya mno."

Mama Uzi alichukua glavu akamrushia kifuani. "Dada yako amenitangaza mtaa mzima kwamba natetemeka! Wateja wananikagua mshono kama mwanafunzi! Nimekaa kimya kwa ajili yako, kumbe unajua, umekaa hapo umetulia kama sultani!"

"Sasa ulitaka nifanyeje?" Fundi Meno naye akapaza sauti, kisha ikamshuka yenyewe. "Ule mpira kila nikiutazama ulikuwa unaniambia mimi si fundi tena. Wewe uliniletea kazi. Mbovu, lakini kazi. Ningekwambia najua, ungeacha."

Kitinda alikuwa amesimama katikati yao, silikoni mbichi imemnata kwenye nywele. "Mama... ulikuwa unaharibu kwa makusudi?" Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Nyinyi wawili mna wazimu. Wazimu kabisa." Na machozi yakaanza kumtoka, kama mama yake alivyojua yatamtoka.

"Ya glavu sikukusudia," Mama Uzi alisema. Na yeye sasa alikuwa analia waziwazi, hana bomba la kujifichia. "Wallahi sikukusudia. Nilitaka yako yatoke vizuri."

"Najua hukukusudia. Mpira wa glavu hizi ndio unaoizuia silikoni isigande. Maabara nzima inalijua hilo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisema mnisubiri!"

Alivuta kiti, akaketi. Akaagiza spiriti, matambara, ndoo. Ndani ya ndoo ilikuwa imebaki silikoni kidogo, ukiipaka vizuri inatosha, ukipoteza haitoshi. Mama Uzi na Kitinda wakakwangua ule uji, wakasafisha kiuno cha mkia, wakasafisha na kalibu. Kitinda akachukua brashi.

"Lete," baba yake akasema.

Alinyoosha mkono wa kulia. Kitinda akamtazama mama yake, mama yake akatazama dirishani kana kwamba kuna jambo la maana barabarani. Brashi ikaenda mkononi. Vidole vikaifunga pole pole, kimoja kikikataa, kikalazimishwa na wenzake, na Fundi Meno akainama juu ya kalibu akaanza kupaka kishimo cha kwanza. Ilichukua muda mrefu sana. Alipumzika, akatukana, akaendelea. Hakuna aliyemsaidia. Mama Uzi alikaa sakafuni pembeni yake, akashona kola ya lile shati la mteja, na kila mara akitupa jicho.

Siku ya sherehe nyumba ilikuwa vurugu tupu. Mkia ulishatangulia bwawani, umesukumwa na watu wanne kwenye toroli, pamoja na Kitinda na ndoo yake ya maji ya sabuni, kwa kuwa bila utelezi mkia ule hauvaliki. Mama Uzi alikuwa anatafuta kiatu kimoja, anafoka peke yake, wamechelewa, wifi ameshafika yupo nje anaita. Akakumbuka hajamvalisha mumewe. Akakimbilia chumbani.

Fundi Meno alikuwa amesimama mbele ya kioo. Shati amelivaa, na vifungo vimefungwa vyote. Vyote, mpaka cha shingoni. Ila alianza na tundu lisilo lake, kwa hiyo upande mmoja wa shati ulikuwa umepanda juu na mwingine umening'inia chini, na kola imemkaa shingoni kombo kabisa. Jasho lilikuwa linamtiririka. Mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika kifungo cha mwisho.

"Twende," alisema. "Mnanichelewesha."

Mkono wa Mama Uzi ulishanyooka wenyewe kwenda kurekebisha, maana ndivyo alivyoumbwa. Ulifika nusu ya njia. Akaurudisha, akamfuta mumewe jasho kwa kitambaa, akampa fimbo.

Walitembea barabarani pole pole, mji mzima ukipita, yeye fundi nguo aliyemrudisha bibi harusi mlangoni, na kando yake mume aliyevaa shati lililopinda mchana kweupe. Wifi aliwafuata nyuma hatua chache, akavumilia, ikamshinda. Akamsogelea, akamnong'oneza sikioni.

"Wifi, jamani. Shati la kaka limepinda."

"Naliona, wifi," alisema Mama Uzi. "Amelifunga mwenyewe."